Kalamu Nyekundu na Kisima cha Babu

Jamani, leo nimevuliwa nguo mbele ya kijiji kizima, na hasira bado ninazo. Nawaandikia nikiwa nimejifungia dukani. Nimewaambia wateja mashine ya fotokopi ni mbovu. (Mashine ni nzima. Mbovu ni mimi.)

Naanza mwanzo kabisa, maana najua kuna mtu ataileta habari hii humu kundini ikiwa imetiwa chumvi. Afadhali muisikie kwangu bila chumvi, ni kali vya kutosha.

Kwa mliojiunga juzi: mimi ni Chacha, nina duka la steshenari hapa Nyarero. Wateja wakiadimika huwa naandika kwenye ile kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo kila mtu anaruhusiwa kuandika na kila mtu anaruhusiwa kumsahihisha mwenzake. Ukurasa wa kata yetu niliukuta una sentensi moja, kwamba kata ipo. Nikauhurumia. Nikaweka mazao, mnada, shule, vijito, na mwisho nikaweka kisima.

Kisima chenyewe kinajulikana na kila mtu hapa kwa jina la Kisima cha Maseke. Maseke ni babu yangu, mzaa baba, marehemu sasa. Nikaandika hivi: "Kisima hiki kilichimbwa na Mzee Maseke kwa mikono yake miwili." Nikaweka na chanzo, kama sheria za kule zinavyotaka: kijitabu cha jubilei ya shule yetu ya msingi, ukurasa wa tisa, kimeandikwa na Kamati ya Jubilei. Kina jalada la bluu na ninacho hapa dukani. (Hiyo mikono miwili niliongeza mimi. Kijitabu kinasema tu kwamba alikichimba. Lakini angekichimba na nini?)

Basi akatokea mtu anajiita Kalamu Nyekundu. Akafuta sentensi yangu. Kule kuna kisanduku cha kuandika sababu ya unachofanya, naye akaandika maneno mawili: "Si sahihi."

Si sahihi! Mtu ana kitabu, ana ukurasa, ana kamati nzima, halafu wewe unamjibu si sahihi na kwenda zako. Nikarudisha. Akafuta. Nikarudisha, nikamwandikia kwenye ukurasa wa majadiliano kwamba maelezo yenye chanzo hayafutwi ovyo. Akajibu, "Kijitabu kimekosea." Nikamuuliza kimekosea vipi, wewe ni nani, una chanzo gani? Kimya. Kesho yake kafuta tena.

Mwezi mzima tumekwenda hivyo. Sina haja ya kuwaficha, nilimwandikia maneno. Nilimwita mwoga. Nilimwambia maoni yake binafsi si chanzo. Siku moja nilikuwa nimekunywa chai ya moto ikaniunguza ulimi, nikamwandikia kwamba namshauri arudi darasa la nne akajifunze kusoma. Nilimwandikia pia mkabidhi, huyo ndiye refa wa kule, nikimwomba amfungie. Niliandika barua nne, zote za heshima, zote ndefu. Mkabidhi akajibu kwamba tujadiliane kwa upole.

Sasa kwa nini nilikuwa nahangaika hivyo na sentensi moja? Kwa sababu ya kibao.

Kisima kimekarabatiwa. Kimefunikwa vizuri na kuwekwa pampu ya mkono, na leo ulikuwa mkutano wa kijiji wa kupitisha jina litakaloandikwa kwenye kibao. Mtendaji wetu wa kijiji ni kijana mgeni, katokea Tanga, hajamaliza mwaka kwetu, na kwa kuwa hajui nani ni nani anapenda ushahidi wa maandishi. Aliniambia, Bwana Chacha, siku ya mkutano nitafungua ukurasa kwa simu yangu mbele ya watu, nikiikuta habari ya babu yako tunapitisha. Mimi nikasema hiyo ni kazi ndogo. Nikaenda Tarime mjini nikachorewa kibao kabisa: KISIMA CHA MZEE MASEKE, MCHIMBAJI. Herufi nyeupe, kiti cha bluu nyuma yake. (Kiti cha mzee wa kimila, yaani. Mchoraji alisema kinapendeza, na kinapendeza kweli.)

Nilimwonyesha baba yangu kile kibao. Alikitazama kwa muda, akasema, "Sawa." Nikamwambia mkutano ni Jumamosi, utakaa mbele. Leo asubuhi akasema miguu inamuuma. Nilimwonea huruma. Sasa hivi nikiifikiria ile miguu damu inanichemka.

Twende leo sasa. Saa moja asubuhi nafungua ukurasa, sentensi haipo. Kalamu Nyekundu kaamka mapema. Nikarudisha.

Hapa lazima niwaeleze sheria moja ya kule, maana ndiyo imeniponza. Ndani ya siku moja, mtu haruhusiwi kufuta au kurudisha maneno ya wenzake kwenye ukurasa mmoja zaidi ya mara tatu. Ya nne unafungiwa. Kwa hiyo tulikuwa na risasi tatu kila mmoja. Saa nne akafuta tena, nikarudisha tena. Tukabakiwa na moja moja. Saa tano kimya. Saa sita kimya. Nikajua huyu mtu ana akili, anaingoja saa nane, saa ya mkutano. Nikawaza, anajuaje saa ya mkutano? Lakini sikuendelea kuwaza, nilikuwa napiga pasi shati.

Mkutano ulifanyikia darasani, kwenye shule yetu, kwa sababu mawingu ya mvua yalikuwa yametanda. Nilikaa dawati la mbele, magoti yamegusa kidevu, simu mkononi, kibao changu nimekiegemeza ukutani kimefunikwa na kitenge cha mke wangu.

Watu walipokuwa wanaingia, jirani yangu akanigusa bega akaninong'oneza kwamba mkwe wangu amefika, kakaa nyuma dirishani. Mama mkwe wangu ni Mwalimu Robhi. Alifundisha shule hiihii miaka mingi, alinifundisha na mimi, na alipostaafu akahamia kwao Gorong'a. Mwenyekiti alikuwa amewaalika walimu wa zamani, kwa hiyo sikushangaa. Nikafanya lile ambalo mkwe yeyote mwenye adabu kwetu hulifanya: nikageuza dawati kidogo nikaupa mgongo upande wa dirisha, nisije nikakutana naye uso kwa uso. (Kwa wasio wa huku: mama mkwe kwetu humpi mkono, huli naye, humkodolei macho. Na mambo ya aibu hayatajwi yeye akiwepo, wala yeye hayataji wewe ukiwepo.)

Kwa hiyo naomba mlielewe hili vizuri. Darasa zima lilikuwa linamwona yule mama na simu yake mapajani na miwani puani. Mtu mmoja tu ndiye hakuwa anamwona, na alikuwa ananyimwa macho na adabu yake mwenyewe.

Mtendaji akafungua ukurasa. Akasoma kwa sauti, polepole, hadi mikono miwili. Watu wakatazamana. Nilidhani ni kwa kuguswa. Mwenyekiti, mzee mmoja mpole sana, akasema hebu nione na mimi. Mtendaji akafungua upya ili amwonyeshe, halafu akakunja uso.

"Haipo," alisema. "Ilikuwepo sasa hivi."

Nilikuwa nimejiandaa. Kidole kilikuwa tayari. Nikarudisha, nikamwambia mtendaji fungua tena. Akafungua, ikawepo. Nikahesabu: Kalamu Nyekundu amefuta mara tatu. Kwisha habari yake. Akigusa tena leo anafungiwa. Na mimi risasi yangu ya mwisho ilikuwa imempata. Mwenyekiti akaiona sentensi kwa macho yake, akaguna, akasema basi kama hakuna mwenye neno tuendelee.

Nilikuwa nimeshinda, jamani. Kilichobaki ni kunyamaza tu. Mtu mwenye akili angekaa pale na magoti yake akasubiri watu wanyooshe mikono, na sasa hivi kibao changu kingekuwa kimesimama pale kisimani.

Mimi nikasimama.

Nikasema nina neno. Nikasema kuna mtu anaitwa Kalamu Nyekundu, amekisumbua kijiji hiki mwezi mzima, anafuta historia yetu yenye chanzo, anajificha nyuma ya jina la bandia. Nikasema nina hakika yumo humu ndani, maana ameujua muda wa mkutano. Nikasema mtu wa namna hiyo ana wivu na ukoo wetu, hajui kusoma, na ni mwoga. Watu wakawa wananitazama, halafu wananipita, wanatazama nyuma yangu. Mama mmoja akajifunika uso kwa khanga. Sikugeuka. Ningegeukaje, mkwe wangu yuko upande ule?

Mwenyekiti akasema, "Mura, kaa chini." (Mura kwetu ni kijana.) Alisema kwa upole, mara mbili.

Sikukaa. Nikamalizia kwa hotuba yangu niliyoiandaa tangu saa sita: "Kama ana sababu, aiseme hapa. Na kama ni mwanamume, asimame."

Halafu sauti ikatoka nyuma, kule dirishani, sauti ninayoifahamu tangu darasa la nne.

"Mtendaji, mwambie Baba Bhoke kwamba Kalamu Nyekundu si mwanamume."

Baba Bhoke ni mimi. Binti yangu tumempa jina la bibi yangu.

Nilitaka kujiangusha chini, lakini dawati lilikuwa dogo nikashindwa hata kuanguka vizuri. Nikabaki nimeinama nusu. Mtendaji akanitazama mimi, akamtazama yeye, akasema kwa nia njema kabisa kwamba si umwambie mwenyewe, yuko hapo hapo. Darasa likalipuka kwa kicheko. Kijana wa watu hajui kwetu.

Sasa hapo pia ningeweza kujiokoa. Ningeomba radhi, nikatoka, nikapotelea Mbalibali kwa shangazi yangu hata mwezi. Lakini mwezi mzima wa hasira hauzimiki kwa sentensi moja. Nikiwa bado nimempa mgongo, nikasema, "Mtendaji, muulize mama kwa heshima zote, sababu yake ni ipi."

"Mwambie sababu ninayo," mama mkwe akajibu, "ila haisemeki mbele yake."

Na mimi (mnishike) nikasema: "Mwambie mama kwenye kamusi elezo hakuna sababu isiyosemeka. Sababu isiyotajwa si sababu."

Mtendaji alikuwa anageuka huku na huku, anapeleka na kurudisha maneno ambayo kila mtu ameshayasikia. Nikamsikia mama mkwe anashusha pumzi. Akasema basi, mwambieni atoke nje, nitaisema.

Nikatoka. Nikasimama nje, ukutani, karibu na dirisha. Yale madirisha hayana vioo tangu nikiwa darasa la kwanza. Alikuwa umbali wa hatua mbili kutoka kwangu, ukuta katikati, na nikasikia kila neno. Lakini adabu ilikuwa imetimia. Mimi sikuwepo.

Akaanza na kisima. Akasema Mzee Maseke hakuchimba hata ndoo moja ya udongo. Kisima kilichimbwa na bibi yangu, Bhoke, na wanawake wenzake wa jirani, mwaka wa ukame, kwa majembe yaliyovunjika mipini, baada ya wanaume kusema pale hapana maji. Walichimba wiki mbili. Siku ile maji yalipotokea, babu yangu alikuwa anarudi jioni kutoka kwenye pombe ya jirani. Hakuwa na habari kwamba pale pana shimo, maana hakuwahi kwenda hata kuwapelekea uji. Akatumbukia.

Ndani ya darasa kukawa na sauti ya watu wanaojizuia kucheka. Wazee wote walikuwa wanaijua hii habari! Wote! Tangu kabla sijazaliwa!

Akaendelea kwamba kina mama ndio waliomtoa, kwa kamba za kufungia ng'ombe, na kamba ile ilimpitia kiunoni, na alipofika juu alifika yeye peke yake. Suruali ilibaki chini. Ndiyo maana pakaitwa kwa Maseke, kisima kikaitwa hivyo, na jina likashika.

Nikakumbuka baba yangu alivyokuwa ananiambia nikiwa mdogo, kwa uso mkavu kabisa: "Babu yako ndiye mtu wa kwanza kuyagusa maji ya kile kisima." Hakudanganya! Hebu fikirieni. Hakudanganya hata kidogo.

Kisha mama mkwe akasema jambo ambalo lilizima kicheko. Akasema katibu wa Kamati ya Jubilei alikuwa ni yeye. Ule ukurasa wa tisa aliuandika yeye. Siku ya jubilei Mzee Maseke alikuwa hai, ameletewa kiti cha mbele, na kamati ikaona haiwezekani kumwandika mzee wa watu kwamba alitumbukia. Wakaandika alikichimba. Bhoke alikuwepo pia, nyuma, anaosha sufuria. Akasomewa ile sentensi kama wengine, akapiga makofi.

"Nimesahihisha madaftari ya watoto maisha yangu yote," alisema. "Kosa langu mwenyewe nimeliacha kitabuni. Halafu binti yangu akaolewa kwenye nyumba ileile, mdomo ukafungwa kabisa. Sikuweza kumwambia mkwe wangu habari ya suruali ya babu yake. Nikaona kule mtandaoni hakuna anayenijua, nitafuta kimyakimya, naye hatajua kwa nini."

Nilisimama pale ukutani. Mvua ikaanza. Sikusogea.

Ndipo nilipoelewa kwamba mwezi mzima nilikuwa namdai sababu mtu aliyekuwa anainyamazia kwa ajili yangu. Na yule niliyemwambia arudi darasa la nne ndiye aliyenifundisha darasa la nne. Niliona aibu, nawaambia kweli, na bado nikawa na hasira, ila sikuwa tena na wa kumpa. Nikampa babu.

Ndani wakapitisha kwa mikono yote: Kisima cha Bhoke. Mtendaji akaandika kila kitu kwenye muhtasari wa mkutano, kila kitu, anaandika haraka yule kijana. Kibao changu wakakifunua. Nikasikia kicheko ambacho sijawahi kukisikia shuleni pale, hata siku za kufunga shule. Kumbe kile kiti: mzee kapoteza suruali, mjukuu kamchorea pa kukalia.

Nyumbani nikamuuliza mke wangu, Ghati, mama yako kajifunzia wapi kuhariri? Akanitazama. Mnakumbuka zile karatasi nilizochapisha za kuwafundisha vijana, "Hatua Saba za Kuhariri"? Alimpelekea mama yake moja. Hatua ya saba niliiandika mwenyewe kwa herufi kubwa: UKIONA KOSA, USIOGOPE, LISAHIHISHE.

Nikaja hapa dukani nikajifungia. Nikafungua ukurasa wa kata. Mtendaji amejiandikisha leoleo (na karatasi yangu, bila shaka) na ameshaandika habari mpya: bibi Bhoke, wanawake wenzake, majembe, ukame. Vizuri. Imenigusa hata. Halafu chini yake: Mzee Maseke, kutumbukia, kamba, suruali. Na chanzo: muhtasari wa mkutano wa kijiji. Chanzo safi. Nikafumba macho nikafuta ile ya suruali. Ilikuwa ya nne yangu, sikujali. Lakini kabla mkabidhi hajaniona, mtendaji akairudisha na kuniandikia ujumbe: "Tafadhali usiondoe maelezo yenye chanzo." Ni sentensi yangu. Iko hatua ya tano.

Nikaweka simu chini. Nikasema potelea mbali, isomwe dunia nzima.

Nilipoichukua tena, suruali haikuwepo. Babu alikuwa ametumbukia, ametolewa kwa kamba, ameishia hapo, ana heshima zake. Nikaangalia nani kafuta. Kalamu Nyekundu. Mara ya nne kwa leo. Kwenye kisanduku cha sababu hakuandika kitu. Na chini yake taarifa ya mkabidhi: mimi nimepewa onyo, yeye kwa kuwa amelalamikiwa muda mrefu (barua nne, za heshima, ndefu) amefungiwa wiki mbili.

Kwa hiyo msinicheke. Na kama mnacheka, chekeni humuhumu, suruali isitoke nje ya kundi hili. Nimeshakagua, maneno ya kundi hayakubaliki kule kama chanzo.

Mimi nina barua ya kumaliza. Namwandikia mkabidhi, ya tano, na hii ni fupi: "Naomba umfungulie Kalamu Nyekundu. Sababu ninayo, ila haisemeki."